Fomu ya Mama wa Ggaba

Ofisi yetu ya utafiti ilikuwa na makabati ya chuma yenye kufuli, na ndani yake kulikuwa na kila kitu isipokuwa Kiswahili. Fomu za Kiganda zilipangwa humo kwa namba, za Kiingereza vilevile, kila moja ndani ya faili lake. Za Kiswahili zilikaa stoo, kwenye katoni iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, kwa sababu zilikuwa chache na kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeweza kuzisoma. Nililalamika mpaka nikachoka. Kila mara niliambiwa kabati jipya linakuja. Kampala, ukiambiwa kitu kinakuja, tafuta kiti ukae.

Mimi ni Mkongo wa Kivu na naishi Kisugu. Kazi yangu pale ilikuwa kuwatafsiria wagonjwa waliotoka kwetu na kutunza kumbukumbu zao. Kiswahili katika mji huu ni lugha ya askari na ya wageni. Ukikizungumza sokoni, watu wanakutazama mikono kwanza waone kama umeshika bunduki, halafu ndipo wanakutajia bei. Sikushangaa basi kwamba hata kwenye utafiti wa madaktari tulipewa katoni. Niliudhika, lakini sikushangaa.

Utafiti ulihusu dawa ya kupaka kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, vile vidonda vinavyogoma kupona mpaka mguu ukatwe. Dawa hiyo haikuuzwa duka lolote. Aliyeitaka aliipata kwetu tu, na ili aipate ilibidi kwanza aweke sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, kuonyesha kwamba ameelezwa, ameelewa, na amekubali mwenyewe bila kusukumwa. Bila fomu hiyo haturuhusiwi hata kumpima mtu uzito.

Mama wa Ggaba alikuja akichechemea, amefunga mguu wa kushoto kwa kipande cha kitenge. Nasema mama wa Ggaba kwa sababu aliuza dagaa wakavu pale sokoni, karibu na mahali boti zinaposhusha samaki, na kazi hiyo hufanywa kwa kusimama kutwa. Alikuja na jirani yake, mwanamke mwenzake wa Kongo aliyejua kusoma, maana asiyejua kusoma lazima awe na shahidi ambaye hana kazi kwenye utafiti. Daktari mkuu alisoma fomu aya kwa aya kwa Kiingereza, mimi nikaieleza kwa Kiswahili chetu, na jirani akafuatilia kwa kidole kwenye karatasi kuona kama siongopi.

Tulipofika mahali panaposema kwamba ana haki ya kukataa, mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

“Kwangu baliingiaka bila hodi,” akaniambia. “Balichukua mbuzi, balichukua na bwana yangu. Leo mwenye anataka kuangalia muguu tu, ananipigia hodi?”

Nikamtafsiria daktari. Yeye hakucheka. Akasema nimwambie tena kwamba anaweza kukataa leo, na hata akikubali leo anaweza kukataa kesho, na hakuna atakayemkasirikia.

“Basi mwambie karibu,” mama akasema. “Muingie.”

Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye nakala mbili, moja yetu na moja yake. Jirani akaweka sahihi. Niliipenda asubuhi ile kuliko asubuhi zote nilizofanya kazi pale, na nilijisikia kwamba hata mimi, mtu wa katoni, nilikuwa nimefanya jambo la maana.

Na dawa ilifanya kazi. Sijui kama iliwafaa wengine wote, hilo wanajua wenye hesabu zao, lakini kwa mama niliona kwa macho yangu. Kingo za kidonda zilianza kuwa nyekundu, nyama ikaanza kupanda. Alipokuja kubadilishiwa bandeji aliniletea dagaa kwenye mfuko wa plastiki. Nikimwambia haturuhusiwi kupokea zawadi ananiambia hiyo ni mboga, mboga si zawadi. Alianza tena kusimama sokoni.

Halafu likaja toleo jipya la fomu. Fomu hubadilishwa, kamati ya maadili ikidai sentensi fulani iandikwe vingine, na toleo jipya likiidhinishwa, fomu tupu za zamani huondolewa ili zisitumike kwa bahati mbaya. Siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa kwenye foleni ya kuhuisha kitambulisho changu cha ukimbizi, foleni ambayo mtu haikosi hata kama kazini kunaungua. Mtunza stoo akaambiwa atupe fomu za zamani za Kiswahili. Kulikuwa na katoni ya fomu tupu, na kando yake ile ya mafuta yenye fomu zilizowekwa sahihi. Akafungua, akaona juu maneno yaleyale, maana sahihi zilikuwa ukurasa wa mwisho, na zote akamkabidhi mzee wa mkokoteni anayenunua karatasi kuukuu.

Nilipomuuliza mtunza stoo hakuficha kitu. Alikuwa Muganda mpole, mwenye Kiswahili alichokiweka akiba kwa ajili yangu tu, na aliniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

“Nyabo, mimi naona karatasi ya Kiswahiri,” akasema. “Nasema, hii yote ni ire ya zamani. Nani anasoma? Wewe hapana kuwako.”

Nilitaka kumpigia kelele na sikuweza, kwa sababu alisema kweli. Katika jengo zima hakuna mtu ambaye angeweza kufungua ile katoni akatofautisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na lenyewe ndilo lililopotea. Mtunza stoo aliondolewa kazini kabla ya mwezi kwisha, na aliponiaga aliniomba msamaha kana kwamba karatasi zile zilikuwa zangu.

Mkaguzi wa utafiti alikuwa njiani, lakini hatukungoja atugundue. Daktari mkuu alituita siku ileile akasema tutafanya kama inavyotakiwa: tutaandika kilichotokea, tutaijulisha kamati ya maadili, na kila mshiriki aliyepotelewa na fomu atasimamishiwa dawa kwa muda, aitwe, aelezwe upya, aweke sahihi mpya yenye tarehe ya leo. Akasisitiza tarehe ya leo. Fomu inayoandikwa leo na kuwekwa tarehe ya zamani, alisema, ni uongo hata kama kila neno lake ni kweli.

Lakini mimi ni mbishi. Mzee wa mkokoteni alituambia karatasi zake huishia Wandegeya, kwa wanawake wanaokaanga njugu na kuzifunga kwenye karatasi zilizosokotwa. Basi nikawa nashuka Wandegeya kila nikitoka kazini, napita mbele ya maduka ya kuchapisha na mahosteli ya wanafunzi, nanunua njugu kwa kila mwanamke ninayemwona. Nafungua karatasi, nasoma, natafuta hata fomu yetu moja. Nilisoma majibu ya mitihani ya sheria, nikasoma mwaliko wa harusi, nikasoma nusu ya hotuba ya mchungaji. Sehemu nyingine yangu iliomba nisiipate, maana kuipata kungekuwa na maana kwamba siri za wagonjwa wangu zinatembea mjini na chumvi juu yake. Sikuipata. Mpaka leo sili njugu za kukaanga.

Wengine waliitwa wakaja. Walisikiliza, wakanung'unika, wakaniuliza kama wazungu wamepoteza na damu yao pia, wakaweka vidole. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko nilivyoogopa. Mama wa Ggaba hakuja.

Nikapiga simu. Aliyepokea ni binti yake, mwanamke mzima mwenye kusuka nywele za watu pale pale Ggaba. Aliniita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, na niliposikia sauti yake nilijua. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi sokoni, kati ya mafungu ya dagaa. Alikuwa hai. Upande wa kulia haukusogea, na maneno yalikuwa yamemtoka yote.

Nilikwenda na daktari mkuu kumwona. Chumba chao kilikuwa nyuma ya soko, na mama alilazwa kwenye godoro karibu na mlango apate hewa. Alinitazama kama mtu anayetazama redio. Daktari akapiga magoti, akamwomba afumbe macho kama anamsikia, nami nikatafsiri. Yakabaki wazi vilevile. Akamwomba amkaze kidole. Mkono wake wa kushoto ulikaza, lakini ulikaza chochote ulichopewa, hata ncha ya shuka. Daktari alijaribu tena na tena, kwa upole, mpaka binti akageukia ukutani.

Basi jambo likawa hivi. Dawa ilikuwa inaponya mguu. Dawa haiwezi kutolewa bila ridhaa yenye maandishi. Ridhaa ya kwanza ilitupwa na sisi wenyewe, na ya pili mama hawezi kuitoa. Na kanuni za utafiti wetu zilisema mshiriki anajiridhia mwenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto anaweza kumridhia mzazi.

“Nakala yake,” daktari akasema tukiwa mlangoni. “Muulize nakala ya mama iko wapi.”

Nilikuwa nimekwisha kuuliza kwa simu. Nani kati yetu asiyejua karatasi za mkimbizi zinakokwenda? Sisi tuliokimbia bila karatasi tuna imani moja: kila kitu chenye muhuri kinaweza siku moja kukufungulia mlango wa ndege. Mtu akipewa risiti ya hospitali yenye muhuri, anaipeleka kwenye faili lake la maombi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Cheti cha ubatizo, anakipeleka. Mama alipopewa nakala ya fomu, yenye nembo, muhuri na dole gumba lake jekundu, aliona hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kwamba yeye ni mgonjwa na kwamba yupo. Akaipeleka ofisi inayopokea maombi hayo. Akaiacha yenyewe, bila kutoa fotokopi, kwa sababu kwake fotokopi ilikuwa karatasi ya uongo.

Nikaenda na binti. Tulisimama dirishani, nikaeleza kwa Kiingereza changu kizuri kabisa. Msichana wa dirishani alisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtovu wa adabu. Akasema faili la mtu hufunguliwa kwa mwenye faili tu, kwa usalama wake, kwa sababu kuna watu wanaowindwa na ndugu zao wenyewe. Mwenyewe aje, aombe kwa mdomo wake, au aandike barua ya kumruhusu mwingine.

“Mdomo ndiyo umefungwa,” nikamwambia.

“Basi aweke dole gumba kwenye barua, mbele ya mwanasheria atakayethibitisha kwamba ameelewa.”

Nilicheka pale dirishani, kicheko kibaya, na binti akanishika mkono akidhani nimepata habari njema. Kanuni ile ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonikera. Ningekuwa mimi nawindwa, ningetaka msichana huyohuyo akae kwenye dirisha hilohilo.

Jioni hiyo, chumbani kwao, binti alifanya jambo ambalo nilikuwa nimelitarajia na kuliogopa. Alichukua mkono wa kushoto wa mama yake, akaufungua vidole, akanyoosha dole gumba kuelekea kwangu.

“Yaya, weye ulikuwaka pale,” akasema. “Ulimusikia akisema karibu. Kidole si hii? Iko hapa. Tumupakaze wino, tumalize.”

Nikamwambia haiwezekani.

“Anakubali. Weye unajua mama yangu alikubaliaka.”

“Najua.”

“Sasa unaogopa nini? Kazi yako?”

Ndiyo, niliiogopa kazi yangu, na sitajifanya mtakatifu. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikujua namna ya kumwambia. Mama yule alikuwa amecheka mpaka akashika ubavu kwa sababu hatimaye mtu alimpigia hodi. Nikimshika mkono nikaubonyeza kwenye karatasi, mimi nitakuwa naingia kama wale wa kwanza, bila hodi, ingawa nimeshika dawa badala ya panga. Nilijua hivyo, na nikawa najichukia kwa kujua. Mguu ulikuwa pale chini ya shuka na harufu yake ilikuwa imeanza kurudi. Binti akaurudisha mkono wa mama kifuani taratibu, na tangu siku hiyo hakuniandalia chai tena.

Daktari mkuu aliandika barua kwa kamati ya maadili akaomba binti aruhusiwe kumridhia mama yake. Aliniambia niandike ninachokumbuka, kwa tarehe ya leo, nikiambatanishe. Niliandika yote: mbuzi, bwana, hodi, karibu. Daktari aliisoma karatasi hiyo akaikunja polepole, akasema, “Nyabo, asante.” Nadhani naye alikuwa amesikia harufu ya mguu.

Wakati tunangoja, mama alipelekwa kliniki ya kawaida kusafishwa kidonda kwa maji ya chumvi na bandeji. Kamati hukaa mara moja kwa mwezi. Kikao cha kwanza kilipita kwa sababu barua ilichelewa kuingia kwenye ajenda. Baada ya kikao cha pili jibu likaja, na jibu lenyewe lilikuwa maswali. Walitaka kujua tumefanya nini ili kosa lisirudiwe. Walitaka maelezo ya shahidi, kwa kuwa maelezo ya mkalimani, mwajiriwa wa utafiti, hayawezi kuhesabiwa kuwa ushahidi huru. Waliandika kwa heshima, na kila swali lilikuwa la haki.

Shahidi, yule jirani aliyefuatilia kwa kidole, alikuwa amepata ndege. Alihamishiwa nchi yenye theluji pamoja na watoto wake, tukafanya sherehe Kisugu, tukala, tukalia. Namba yake ya huku ilikuwa imezimwa. Niliuliza kanisani kwao, niliuliza kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Kivu, nikapewa namba ya shemeji, na shemeji akasema atamtafuta. Ng'ombe wa maskini hazai. Bado hajanijibu, na sasa hata akijibu ni kwa salamu tu.

Kabla ya kikao cha tatu, binti alinipigia akilia. Mguu ulikuwa umegeuka mweusi mpaka kifundoni na mama alikuwa na homa. Walikuwa hospitali kubwa, daktari wa pale anazungumza Kiingereza na Kiganda, na yeye haelewi wanachomwambia isipokuwa neno moja. Akaniomba niende nitafsiri. Hakuniita yaya.

Nikaenda. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana aliyechoka, akiwa na karatasi moja kwenye ubao wa kuandikia. Alieleza kwa kifupi, nami nikaeleza kwa kifupi: mguu utakatwa chini ya goti, usipokatwa sumu itapanda, atakufa. Nikauliza kama mama mwenyewe hawezi kukubali, itakuwaje. Daktari alinitazama kama nimeuliza swali la ajabu.

“Huyu si mtoto wake?” akasema. “Basi mtoto anatosha.”

Sikumlaumu. Mtu anayekufa hangojewi kikao, na sheria ya kuokoa ni moja, ya kufanyia utafiti ni nyingine. Ningeweza kumweleza binti tofauti hiyo kwa Kiswahili safi kabisa. Lakini nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, naona kwamba kwa kuuponya mguu ule tulihitaji mashahidi, kamati, barua, na mdomo wa mtu asiye na mdomo, na kwa kuukata ilihitajika kalamu. Nilihisi hasira iliyokosa mtu wa kuiangukia, na hasira ya namna hiyo inakaa muda mrefu.

Binti aliweka sahihi. Anajua kuandika jina lake tu, na aliliandika polepole, herufi kwa herufi. Chini yake palikuwa na mstari wa shahidi. Daktari akanisogezea ubao. Pale hospitali sikuwa mwajiriwa wa mtu, kwa hiyo nilikubalika. Nikaandika jina langu, nikaandika tarehe ya leo.

Wakamsukuma mama kwenye kitanda cha magurudumu. Alipopita, mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa nguo yangu ukakaza, kama unavyokaza chochote, na muuguzi akauachanisha kidole kimoja kimoja. Daktari akachukua karatasi, akaitia ndani ya faili, akalifunga faili na kuliweka kwapani. Binti alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa korido.

“Na hii, yaya,” akaniuliza, “haitapotea?”

“Hii, hapana,” nikamwambia.